Firigisi ya Korongo

“Siku mbili tunabeba mizigo, tumefika, halafu ndege watazamwe tu? Hata kuliwa hawaliwi?”

Hayo yalikuwa malalamiko ya babu yangu, Kasiani wa Matombo. Alikuwa akimfokea Ahmadi mwenye mtumbwi, kana kwamba Ahmadi ndiye aliyewaleta wale Wajerumani watatu na darubini zao.

“Kawaulize wenyewe,” Ahmadi akamjibu. “Mimi kazi yangu kuvusha.”

Ilikuwa vuli, zamani za Mjerumani. Korongo weupe waliokimbia baridi ya Ulaya walikuwa wametua kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto Ruvu, na wale mabwana walikuja kuwahesabu na kuwachora. Babu hakuamini. Kwetu mgeni hasemi ana njaa. Ukimwona anakikazia macho kitu, unamwandalia. Basi alfajiri akatega tanzi, akanasa korongo mmoja, akamnyonga, akambanika. Firigisi ni ya mgeni wa heshima, kwa hiyo akaiweka juu kabisa ya jani la mgomba, akaacha lile jani mbele ya hema la mkubwa wao, akarudi kwenye mizigo kungoja sifa.

Mkubwa akatoka, uso umemwiva.

“Nani kafanya hivi?”

Babu, mtu wa maneno kutwa nzima, akaangalia vidole vya miguu yake. Mjerumani akamwona Ahmadi anaota moto uliotumika kubanika, akaamua ni yeye. Akamnyima posho ya safari yote, vibaba viwili vya mchele.

Ubaya wenyewe uko hapa. Ahmadi ni Mwislamu, na yule korongo alinyongwa, hakuchinjwa. Kila mpagazi alijua kuwa Ahmadi asingemgusa. Wote wakamtazama babu. Ahmadi naye akamtazama, wala hakumtaja. Akawavusha wote, babu akiwamo, mwenyewe tumbo tupu.

Babu alinisimulia mwenyewe, uzeeni, na hata siku hiyo alisema huku ananipa mgongo.

Miaka minne alimkwepa Ahmadi. Akiwa na shughuli ng'ambo, alipanda na mto nusu siku nzima akavukie kwenye mawe.

“Hicho kivuko kina simba?” bibi yangu Anastasia akamuuliza, amechoka kumkanda miguu.

Ndipo akamweleza. Bibi hakumpa pole.

“Mchele uko ghalani,” akasema. “Na njia unaijua.”

Akaenda. Akamkuta Ahmadi anaziba mtumbwi.

“Ndugu yangu, yule korongo nilimnyonga mimi.”

“Ulidhani sijui? Nimekungoja miaka minne ulitamke neno hilo.”

Babu akafungua kitambaa. Alikuwa amepima vibaba vitatu. Ahmadi akaingia ndani, akaleta kibaba chake, akapima cha kwanza, akasawazisha kwa kiganja, akapima cha pili. Uliobaki akaufunga vizuri, akamrudishia.

“Vilikuwa viwili,” akasema.