Udi Kabla ya Chakula

Sitaki mtu anisifu kwa subira. Nilinyamaza miaka miwili, ni kweli, lakini ukimya wangu haukuwa wa wema. Nilikuwa namngoja wifi yangu. Nilimngoja nikiwa Uchina, nikipika, nikikunja nguo, nikisubiri basi kwenye baridi, na niliporudi Maskati nilikuwa nimeshaamua nitamkalisha kiti gani.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa Ansab, kwenye nyumba yenye sebule mbili, na katika ukoo wetu hakuna harusi, kisomo wala ugonjwa usiopita kwake kwanza. Mume wangu alipopata kazi ya kukagua vigae huko Uchina kabla havijapakiwa kuja Oman, nilijua tutamsikia. Alifika kwetu Khuwair ya Kusini alasiri hiyohiyo, hata buibui hakuvua.

"Nyinyi nendeni, inshallah Mungu atakufungulieni," alisema. "Mtoto niachieni mie. Kule atakula nini? Atasema na nani?"

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Alikuwa amekaa mapajani kwangu anatafuna tende. Nilimjibu wifi yangu kwa adabu kwamba mtoto atakuwa na mamake, na mamake ndiye atakayesema naye.

"Haya, mchukue. Utaturejeshea bubu."

Alisema hivyo mtoto anamtazama, kisha akamaliza kahawa yake, akaaga, akaenda zake.

Mji tuliohamia Wachina wenyewe wanauita mdogo, ingawa mimi sikuwahi kuuona mwisho wake. Vumbi jeupe la viwandani lilikaa madirishani, na kila nikipangusa lilirudi. Tulipanga ghorofa ya tano, hakuna lifti. Mume wangu aliondoka asubuhi kwenda kugonga vigae kwa kidole asikilize kama vina ufa, na mimi nikampeleka mtoto chekechea. Pale mlangoni mwalimu alimwangalia kinywa na viganja kila siku, kama hana vipele vya ugonjwa, kabla hajamruhusu kuingia. Ndani walimpa maji ya moto, yeye aliyezoea maji ya friji, na baada ya chakula cha mchana wakamlaza kwenye kitanda kidogo pamoja na wenzake. Njiani watu walimshika nywele. Wanawake wazima walinisimamisha wakamvuta soksi juu, wakanigombeza kwa lugha nisiyoijua kwamba nimemvisha nguo nyepesi. Hao sikuwakasirikia, maana walikuwa wanamhurumia mtoto kweli.

Lakini mtoto alinyamaza. Kwanza shuleni, halafu njiani, halafu hata kwenye simu na ndugu. Akitaka kitu alinivuta shingo akaninong'oneza sikioni, na mimi nikafurahi kwamba angalau sikio langu limebaki. Nilimwomba mume wangu asilitoe jambo hilo nje. Mume wangu ni mtu mwema, ila mbele ya dada yake hana kifuniko. Akamwambia.

Siku moja nilikuwa jikoni nakata vitunguu, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la wanawake wa ukoo. Mikono ilikuwa imelowa, nikaubonyeza kwa kifundo cha kidole, sauti ya wifi yangu ikajaa jikoni kote.

"Jamani, si niliwaambia? Yule mtoto kawa bubu. Mamake kamharibu. Kamtoa kwa watu wake, kamtia kwa watu asiowajua, sasa hata neno hatoi. Maskini ya Mungu, bubu khalas, basi tena."

Binti yangu alikuwa chini ya meza na kalamu zake za rangi. Aliposikia sauti ya shangazi yake aliinua kichwa, maana aliijua na alikuwa akiipenda. Niliizima simu kwa mikono hiyohiyo ya vitunguu. Nikamtazama. Akarudi kwenye karatasi yake akaendelea kupaka rangi, nami nikajiambia ni mdogo, hakuelewa.

Tangu siku ile hakuninong'oneza tena.

Kundini ndiko kulikofunguka mlango. Huyu kanitumia dua, yule kaniambia nimlambishe asali kabla ya jua kutoka, mwingine kanishauri nimpeleke akasomewe, kama kwamba kwenye mji ule wa vigae kulikuwa na wasomaji kila kona. Wote niliwajibu ahsante. Kila dua ilinichoma, kwa sababu kila dua ilitoka kinywani mwa mtu aliyemwamini wifi yangu. Usingizini nilikuwa namgombeza, nikiamka nimekaza meno.

Udi niliuchukua kutoka nyumbani, na chetezo cha udongo nilikifungia ndani ya sweta za mtoto kisivunjike. Makaa niliyapata kwa muuza mishikaki aliyekaa karibu na mkahawa wa tambi wa Waislamu. Kila Ijumaa nilifukiza, si kwa raha, bali ili nyumba inukie kwetu. Ijumaa moja nilizidisha. Moshi ukatoka dirishani, na bibi mmoja wa ghorofa ya nne, mama mtu mzima mwenye miguu myepesi kuliko mimi, akapanda ngazi na beseni la maji. Kabla sijasema lolote alikuwa ameshakimwagia chetezo. Makaa yalilia, majivu yakaruka mpaka kwenye zulia.

Hapo binti yangu akasema. Alisimama katikati ya majivu akamfokea yule bibi kwa Kichina, sentensi nzima, halafu nyingine, kwa kidole. Mimi sikuelewa hata moja. Bibi alielewa zote. Alishika mdomo, akaanza kucheka na kuinamainama kuomba radhi.

Kisha mwanangu akanigeukia. "Mama, bibi kadhani nyumba inaungua."

Nilikaa chini palepale kwenye maji nikalia. Miezi yote ile ya ukimya alikuwa anasikiliza na kuweka. Hakuwa amepoteza lugha, alikuwa anajipatia ya pili, na hakutaka kuitoa nusunusu mbele za watu.

Kuanzia Ijumaa ile chetezo kikawa kazi yake. Alikifunga kitambaa chini kisimuunguze, akashuka nacho ghorofa ya nne, nami nyuma yake, akamfukiza yule bibi nguo na nywele. Bibi akifukizwa alikaa tu, tena akatuwekea na chai. Hapo nilimweleza mwanangu kwamba kwetu sivyo. Maskati mgeni analetewa kahawa na halua, analishwa, ananawa, na mwisho kabisa ndiyo anapitishiwa udi. Udi ukishapita, mgeni anasimama. Hakuna anayemwambia aende, na hakuna anayebaki.

"Na ukipita kabla hajala?" aliniuliza.

Nikamwambia haijapata kutokea. Lakini swali lile lilinikaa, na nilipokuwa naosha vyombo usiku huo nilijikuta natabasamu peke yangu.

Mume wangu nilimwapisha. Nilimtaka aweke mkono juu ya msahafu kwamba habari ya mtoto kusema haitafika Maskati, na safari hii alishika neno. Aliniuliza kwa nini. Nilimwambia nataka iwe furaha ya kurudi. Ukweli ni kwamba nilitaka wifi yangu aendelee. Kila ujumbe aliotuma kuniulizia bubu wetu, nilimjibu tuombee. Alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kunipa sababu, na mimi sikutaka kuipoteza hata moja.

Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa na vumbi la kwetu, la rangi nyingine. Nilipangusa, nikanunua halua, nikawaalika wanawake wa ukoo chakula cha mchana. Mume wangu nilimtoa, akaenda kula kwa rafiki zake. Wifi yangu nilimwekea kiti kikubwa kinachotazama mlango wa jikoni. Nilijiwekea sharti moja: akimtaka radhi mtoto, au hata akimsalimia vizuri kama mtu, udi utabaki kabatini mpaka tumalize kula. Nilijiwekea hilo ili nijione muadilifu, na huku naomba asilifanye.

Hakuniangusha. Aliingia, akanibusu mashavu mawili, akamwona binti yangu amejificha nyuma ya gauni langu, kama mtoto yeyote atakavyojificha mbele ya watu waliompotea miaka miwili. Akawageukia wenzake.

"Mnamwona? Si niliwaambieni? Hata salamu hatoi." Kisha kwangu, kwa sauti ya huruma: "Umempeleka kwa daktari, wifi yangu, au bado?"

"Karibu kitako, wifi," nilimwambia. "Kahawa iko tayari."

Nilimmiminia mwenyewe. Biriani lilikuwa limeshaiva na harufu yake imefika sebuleni, na nilimwona anavuta pumzi. Nikaenda jikoni kuwasha makaa ya chetezo. Binti yangu alinifuata.

"Nikipeleke mie?"

Nilikuwa nimepanga kukipeleka mwenyewe. Niliangalia mikono yake inayofunga kitambaa kwenye chetezo, namna alivyozoea, nikamwambia aanze kumpelekea shangazi.

"Lakini hajala."

"Nnajua, mwanangu. Mpelekee."

Alitangulia, nami nyuma. Wanawake walitazama chetezo, wakatazama sinia la halua ambalo hakuna aliyeligusa, wakanitazama mimi. Binti yangu alisimama mbele ya kiti kikubwa, akainua moshi.

"Jifukize, shangazi," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka, sauti ya kusikika mpaka barazani.

Mkono wa wifi yangu uliinuka kwa mazoea. Ulishika pindo la mtandio ukalipitisha juu ya moshi, kama alivyofanya maelfu ya mara kwenye nyumba za watu, na uso wake ukabadilika baada ya mkono kupita. Niliona alipofahamu. Alimtazama mtoto anayesema, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika mlango wa nje uko wazi.

Alifungua mdomo, akaufunga. Akachukua mkoba wake, akavaa viatu, akapita. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi, maana mgeni husindikizwa, nikamwambia ahsante kwa kuja. Nilisikia utamu kifuani na sitadanganya kusema haukuwa utamu. Nilirudi ndani nikiwa mwepesi, nikiwaza kwamba sasa tumemalizana.

Sebuleni hakuna aliyekuwa amejongea. Binti yangu bado alikuwa amesimama na chetezo, anatazama mlango.

"Mama," alisema, "shangazi naye kawa bubu?"

Wanawake waliinamisha macho, maana wote waliusikiliza ujumbe ule, na wengine waliusambaza. Muda wote ule nilikuwa nikijiambia hakuelewa. Alielewa kila neno, akiwa chini ya meza ile, na alilibeba peke yake mpaka siku hiyo.

Nilipokea chetezo mikononi mwake. Nikapakua biriani, watu wakala, na sahani ya wifi yangu nikairudisha kabatini. Mume wangu ananiambia yaishe, dada yake ameshaaibika vya kutosha. Labda yangekwisha, lau nisingesikia swali lile. Akija tena, chetezo kitamngoja mlangoni.