Bao la Jeanine

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo kwa sababu yake hadi leo nikisikia mpira ukitangazwa redioni, nazima. Sikiliza, maana wiki ijayo unaanza kufundisha wasichana mpira, na kosa hili ninalijua vizuri.

Nilikulia kambi ya wakimbizi huko Tanzania, vita vilipoisha nikarudi nchini kwetu, nikacheza kiungo Gitega miaka mingi mpaka goti likakataa. Ndipo nikaenda Muyinga kuwa kocha. Kocha wangu wa zamani, mama mmoja mkali, alikuwa na desturi yake: kabla msichana hajavaa jezi, anakwenda kwao, anakaa na wazazi, anakunywa wanachompa, anawaomba wamruhusu mtoto acheze. Kwa baba yangu alikwenda mara tatu. Mimi niliona ni kupoteza muda. Nilikuwa na kiburi, sikufichi.

Basi nilikuwa na Jeanine, winga wa kushoto, miaka kumi na sita. Mtoto yule alikuwa na mguu, we acha tu. Tukapangiwa mechi Gitega na timu niliyoichezea zamani, na nilitaka sana waone kazi yangu. Jeanine akaniambia baba yake, Mzee Bonifasi, fundi baiskeli wa pale karibu na soko, hajui kama anacheza. Siku za mazoezi humwambia anakwenda kwaya. Kwao ni mwendo wa dakika kumi tu. Badala ya kwenda, nikamwambia, "Mwambie kwaya yenu imealikwa Gitega." Mimi, mtu mzima.

Tulishinda moja bila, na bao alifunga Jeanine, dakika za mwisho. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Sikufikiria kwamba mechi inatangazwa, na kwamba Mzee Bonifasi yuko bandani kwake anajaza upepo tairi la mteja, redio iko wazi. Akasikia jina lote la mwanawe. Wateja wakampa mkono wa pongezi, na yeye ndiyo kwanza anapata habari.

Jeanine hakuja mazoezini tena. Siku ya nne nikaenda kwao na chupa zangu mbili za Fanta. Mzee alinipa kiti, wala hakugomba.

"Mwalimu," akasema, "mimi kule kambini nilikuwa golikipa. Ungekuja kuniomba, ningemnunulia viatu mwenyewe. Jumapili ningekuwa Gitega namtazama. Sasa akiniaga anakwenda kanisani, nitamwamini vipi?"

Niliomba radhi, nikarudi tena na tena, akakataa kumrudisha uwanjani. Miaka ikapita, Jeanine akaolewa huko Mutaho, sasa anauza nyanya. Tukionana ananisalimu kwa heshima, hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujagawa jezi, nenda nyumbani kwao. Nenda hata kama unaogopa kukataliwa, na ukikataliwa, rudi. Usimjibie mzazi kabla hujamuuliza. Na usimfundishe msichana kudanganya ili akushindie mechi, kwa sababu wewe utabaki na ushindi, yeye atabaki nyumbani.

Mungu akupe miguu ya kufika kila mlango, na moyo wa kukaa na kusikiliza. Wasichana wako wacheze mchana kweupe, baba zao wakiwa pale pale uwanjani wanawatazama.