Nilivyopimwa Kama Majani Chai

Wasomaji, nichekeni tu. Mimi ni bondia wa kilo sitini, na ukizidi hapo siku ya kupimwa, pambano huna. Wiki nzima nilikimbia vilima vya Mogogosiek na koti la mvua ili nitoe jasho.

Asubuhi ya mashindano nilipitia kituo cha kuuzia majani chai, nikaning'inia kwenye ndoano ya mizani. Ikasoma sitini kamili. Nikajipongeza kwa kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

Ukumbini Kericho nikavua nguo, nikapanda mizani nikitabasamu.

“Sitini na moja,” mpimaji akasema.

Kocha wangu akanikodolea macho. “Kiprono, si ulisema umepimwa?”

“Nimepimwa, kocha. Kwa mizani ya majani.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kila mtoto wa mkulima anajua mizani ile hukata kilo moja ya gunia kabla ya kusoma. Hata mimi, niliyebeba majani huko tangu utotoni, nilijua; nilisahau tu.

Mpinzani wangu kutoka Kabianga alinitazama nilivyosimama na chupi tu, akauliza kwa upole, “Sasa ndugu, gunia umeliacha wapi?”