Mkata mkonge aliyeanguka kilomita ya thelathini na moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Zefania Mbwambo yuko katikati ya mistari ya mkonge, chini ya Milima ya Upare wilayani Same. Anakata jani, anaondoa mwiba wa nchani, anakata jingine. Yakitimia thelathini anayafunga. Goti la kushoto limevimba, kwa hiyo anainama upande mmoja.

"Mkimbiaji, amka! Zimebaki kilomita kumi na moja!" anamtania Hamisi, mwenzake aliyetoka Kigoma.

"Kazimalizie wewe mwenye miguu mizima," anajibu Zefania bila kuinua kichwa.

Tangu shamba hili la umma litangazwe kuuzwa, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wamepunguzwa. Waliobaki hawajui kama mnunuzi atawataka. Lakini Zefania, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, haongei sana habari za kazi. Anaongea habari za Evaline.

Evaline ni binti yake wa miaka kumi na minne. Ana kifafa. Anaishi na mama yake, Lydia, kijijini Myamba, juu mlimani, ambako baba hupanda kwa miguu kila Jumamosi. Vidonge alivyokuwa akipewa bure zahanati sasa vinauzwa, na ziko wiki ambazo havinunuliki.

Wiki moja kama hiyo, Juni mwaka jana, Evaline aliangukia motoni akipika makande. Majirani wawili walikuwa naye jikoni. Hawakumgusa. Wengi huku wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa likikupata, nawe umeambukizwa. Walikimbia shambani kumwita mama.

"Si kwamba hawampendi," anasema Lydia. "Ndio hao hao walioniletea maji na kuni miezi mitatu nikimuuguza. Wangemvuta mguu tu. Mguu tu, basi."

Mkono wa kulia wa Evaline haukunjuki tena.

Zefania aliposikia kuna mbio za marathon Moshi, akajiandikisha. Hakuwahi kushindana popote. Pumzi aliipata kwenye mlima wa kwenda kwake. Wenzake shambani na waumini kanisani waliahidi shilingi kumi kumi kwa kila kilomita. Alitaka kukodi kipaza sauti, apite magulioni akitangaza kwamba kifafa hakiambukizi. Fundi cherehani, Veneranda, alimshonea fulana yenye herufi nyekundu kifuani: KIFAFA.

Kilomita ya thelathini na moja, misuli ya miguu ilikaza akaanguka kando ya barabara, mbele ya watazamaji.

"Mama mmoja alikuwa na kikombe cha maji. Namwona anakuja. Akasoma fulana. Akarudi nyuma, akamvuta na mtoto wake," anasimulia. "Nikasema, 'Ni misuli, mama, misuli tu.' Nikasikia wanaambiana, 'Msimguse.'"

Alilala hapo robo saa, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

"Nilikuwa na akili zangu zote. Nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu akianguka hajui kinachoendelea."

Waliotoa ahadi, wengine walikataa kulipa kwa kuwa hakumaliza. Kilichopatikana hakikutosha kipaza sauti hata cha siku moja.

Alipofika Myamba, Evaline alikuwa na swali moja.

"Baba, walikushika?"

Zefania anafuta kisu kwenye suruali.

"Nilimdanganya. Nikamwambia walinishika."

Jumamosi ijayo ni siku ya gulio Myamba. Amepanga kulala chini katikati ya watu kama aliyeangushwa na kifafa, saa nne, gulio likiwa limejaa, na amewaomba wale majirani wawili waliokuwa jikoni na Evaline waje wamgeuze ubavu na kumwekea nguo chini ya kichwa, kila mtu akiona. Mmoja amekataa kabisa. Wa pili, Agnes, amekubali kwa sharti.

"Anasema atajizungushia kanga mikononi kwanza," anasema Zefania. "Ajizungushie. Hata mbili. Mradi anishike."