Siku Niliyofuta Straiki za Madamu Godeliva

Nikianza kusimulia hili jambo uso bado unaniwaka moto, lakini afadhali mulisikie kwangu kuliko kwa Ferdinandi, maana yeye kila akilisimulia anaongeza chumvi, na aibu yenyewe haina haja ya chumvi. Mi, Madamu Espe, nafundisha hesabu, mwaka wa tisa sasa, shule ya sekondari hapa Cibitoke, na mutu akiniambia hesabu ni ngumu nilikuwa namuangalia kwa huruma. Basi sikilizeni hesabu ilivyonivua nguo mbele za watu.

Prefe wetu, yaani msimamizi wa masomo yote shuleni, Madamu Godeliva, alikuwa anastaafu. Huyu ni mama ambaye kazini hakuna aliyewahi kumuona akicheka, na nusu pointi ya bure hakumpa mwanafunzi yeyote, hata mtoto wa ndugu yake. Hakutaka sherehe, hakutaka hotuba, kitenge cha zawadi alikirudisha. Ndipo Ferdinandi, mwalimu wa michezo, akasema basi tumupeleke kucheza bulingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira uangushe vigingi, kuna ukumbi mjini wenye njia mbili, na Jumamosi mchana hakuna watu. Ajabu, mama akakubali. Tukaenda watu sita. (Niseme na hili kabla hamujalisikia kwingine: nilikuwa nimeandika barua ya kuomba kiti chake, na wote walijua.)

Tumefika, tumevaa vile viatu vya kuazima ambavyo harufu yake sitaieleza, akaja binti anayehudumia pale, Aline, na karatasi mkononi.

"Niwaeleze kwanza namna pointi zinavyohesabiwa?"

Mungu alinipa nafasi ya kunyamaza, nikaitupa. Nikamuambia, "Usijali, muzuri wangu, mi ni profeseri wa hesabu, nitawaeleza mwenyewe." Na bulingi nilikuwa nimeiona kwenye simu tu, labda mara mbili. Nikawageukia wenzangu: kule mwisho kuna vigingi kumi, kila kigingi unachoangusha ni pointi moja, kila mutu ana zamu kumi, kila zamu mipira miwili, mwisho tunajumlisha. Ukiangusha vyote kumi kwa mpira wa kwanza, hiyo inaitwa straiki, umepata kumi yako, kaa chini. Wakatikisa vichwa. Nilijisikia vizuri sana.

Madamu Godeliva zamu zake nne za kwanza alipata nne, tano, mbili, saba. Ekrani, kile kioo cha juu cha kuonyesha pointi, ikaandika 18, sawasawa kabisa. Zamu ya tano akautupa mpira kwa mikono miwili kama mutu anayemwaga maji ya kufulia, ukaenda polepole, polepole, mpaka wengine wakaanza kuangalia simu zao, halafu tukasikia vigingi vyote vinalala. Straiki. Mama akageuka na uso wake uleule wa ofisini, akakaza kitenge kiunoni, akakaa. Ekrani ikaandika X, na chini ya X hakuna kitu. 18 imebaki 18. Nikasema pengine imechelewa. Zamu ya sita, straiki tena, X tena, chini tupu tena. Hapo nikaanza kuchemka. Nikamuita Aline.

"Hii mashine yenu haihesabu."

"Inangojea, Madamu, kwa sababu straiki..."

"Inangojea nini? Kumi ni kumi."

Zamu ya saba, straiki ya tatu. Watu wakasimama, Ferdinandi akapiga meza mpaka fanta zikamwagika, na Madamu Godeliva, nawaapia, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Mi sikukiona kile kicheko vizuri, nilisimuliwa baadaye, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ekrani, ambayo ilikuwa imeruka kutoka 18 mpaka 48. Pointi thelathini kwa mpira mmoja, na vigingi viko kumi.

"Imeharibika," nikasema kwa sauti ya darasani. "Kwanza inamuibia, sasa inamupa za bure. Aline, irudishe mwanzo."

"Apana, Madamu, haijaharibika. Niache nikueleze, mipira inayofuata..."

"Nimefundisha hesabu miaka tisa."

"Nikiirudisha mwanzo inafutika yote, ya watu wote."

"Futa. Madamu Godeliva hawezi kubeba pointi ambazo si zake."

Na nilikuwa najiona mutu wa haki, mujue, nilidhani mama mwenyewe atafurahi. Aline akamuangalia mama, mama akaniangalia mi, halafu akasema taratibu, "Kama Espe amehesabu, basi." Binti akabonyeza. Ekrani ikawa nyeupe.

Ndipo Ferdinandi akauliza swali ambalo mi nilipaswa kuliuliza saa nzima nyuma: "Aline, hebu maliza, mipira inayofuata inafanya nini?"

Akaeleza kwa dakika moja tu. Straiki ni kumi, halafu unaongeza vigingi utakavyoangusha kwa mipira miwili inayofuata, na ndiyo maana mashine inangojea, haiwezi kuandika kitu ambacho hakijatupwa. Ukimaliza kumi kwa mipira miwili, hiyo ni spea, unaongeza mpira mmoja unaofuata. Kwa hiyo straiki ya kwanza ya mama ilikuwa kumi, na kumi, na kumi. 18 na 30 ni 48. Mashine ilikuwa sawa. Nikamaliza hesabu kichwani bila kutaka: hata kama mipira yake yote iliyobaki ingeingia kwenye mfereji wa pembeni, straiki ya pili ingempa ishirini na ya tatu kumi. Sabini na nane, amekaa tu. Mi mwenyewe nilikuwa na ishirini na mbili.

Halafu mwalimu wa jiografia akamnong'oneza mwenzake, ila si kwa kunong'ona sana: "Kiti chake anakitaka, na straiki zake pia."

Tukaanza upya. Mama akapata thelathini na tisa, akashukuru, akavua vile viatu akaviweka sambamba, akaenda.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwake Buterere na kilo mbili za sukari, nimejipanga maneno njia nzima. Akanipokea vizuri, akamimina chai, akaniacha niombe msamaha mpaka mwisho, jambo ambalo mi sikumfanyia mutu siku ile. Kisha akasema:

"Espe, pointi sizililii. Yule binti alijaribu kukueleza mara tatu, na mara tatu ukamunyamazisha. Darasani pia unafanya hivyo?"

Nilitaka kusema apana. Neno likafika mdomoni, lakini majina ya wanafunzi yakafika kwanza, wawili, watatu, wanne, wale walionyanyua mkono wakaushusha wenyewe. Nikanywa chai ikiwa moto hivyohivyo, ikaniunguza ulimi.

Kiti sikupewa, na sikushangaa. Kwa Aline nilirudi nikaomba msamaha, akasema yameisha (hayajaisha, nilimuona). Bulingi sitaki tena kuisikia. Ila siku hizi mutu akianza kunieleza jambo, hata lile ninalolijua tangu utotoni, nangojea amalize, na niwaambie ukweli, ni kazi ngumu kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufundisha.