Baba Mkwe na Vimulimuli vya Bondeni

Nilipoolewa Kyimo, baba mkwe alikuwa na mikaratusi bondeni, chini ya nyumba yetu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na kila mwenye ardhi yenye maji alipanda miti hiyo auze kuni kwenye viwanda vya chai. Ilipokaribia kukomaa, mzee akaanza kuikata na kung'oa visiki. Akapanda matete. Akakataza mbuzi kushuka kule. Nikasema labda uzee. Lakini siku nilipomwona kwa mbali, mzee wa kanisa mzima, anaokota konokono kwenye migomba na kwenda kuwamwaga bondeni kwa ndoo, nilichanganyikiwa kweli. Sisi tunawaua, yeye anawafuga!

Kumuuliza nisingeweza. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akikohoa njiani, mimi najitosa kwenye migomba na kugeuka mpaka apite. Mume wangu naye alijibu tu, "Mzee ana yake." Jibu hilo liliniudhi kuliko hao konokono.

Tena nilikuwa na hasira zangu. Kyimo palinishinda, sina wa kuzungumza naye, na nguo zangu zilishaingia sandukuni. Nilikuwa nasubiri mume wangu anikosee kidogo tu nirudi kwetu Nkunga.

Mwisho nikamuuliza mama mkwe, tukimenya ndizi.

"Kamuulize mwenyewe," akasema, akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akanitazama. "Mwanangu, si wewe uliyemfokea mumeo kwamba kwenu jioni kuna vimulimuli, hapa kwetu giza tupu? Mzee alikuwa zizini, akasikia. Zamani walikuwepo tele pale bondeni, kabla miti haijanywa maji. Watoto wa vimulimuli hula konokono."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwonea mzee huruma, nikamkasirikia pia, maana sasa ningeondokaje? Miti yote ile! Au alitaka tu maji yake yarudi, na mama mkwe ananipamba? Nikaendelea kumenya ndizi.

Masika ya mwaka uliofuata bonde likalowa. Jioni moja nilishuka kuchota maji nikawakuta kwenye matete, wachache, wanawaka na kuzima. Ng'ambo ya kijito alikuwa amesimama baba mkwe. Nikageuka nikimbie, lakini yeye akawahi kunipa mgongo, akatulia vile vile, wala hakuondoka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiachia nafasi nitazame.

Nikatazama. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Mdomoni nilikuwa na neno moja tu, ndaga, yaani asante, na yeye alikuwa karibu kiasi cha kulisikia. Nikalimeza, nikajitwisha ndoo, nikapanda.

Sikurudi Nkunga. Nilizalia Kyimo, na mzee tukamzika Kyimo, hatujawahi kusemezana. Watu wanasifu adabu yangu. Mimi mpaka leo sijui kama jioni ile nilimheshimu au nilimnyima.