Parachuti Aliyoikunja Baba

Pasi inapopita juu ya nailoni katika karakana ya nguo mtaani Kangle ninakochukua mizigo ya biashara, harufu yake hunirudisha kwenye uwanja wa ndege za kivita, katika mji mdogo wa Ufaransa, ambako baba alikuwa mkunja parachuti. Siku ya kuwakumbuka marubani wa vita, watoto walipandishwa ndege ya zamani na kuzungushwa angani. Nilikuwa nimeshaketi, parachuti aliyoikunja baba ikiwa mgongoni, ofisa alipofika na mwanawe.

"Huyo ashuke. Leo wanaruka watoto wa marubani, si wa wakunja vitambaa."

"Lakini uliniahidi, mkubwa," baba alisema.

"Mwakani, mzee."

"Shuka, mwanangu," baba akaniambia kwa Kiswahili.

Kisha akamvalisha mtoto wa ofisa parachuti ileile, akikaza kila mkanda kwa uangalifu uleule alionikazia mimi.